Thredi Ipi Ipite Kwanza? Kupanga Vipaumbele kwenye Programu ya Kompyuta ya Mezani

Ninaandika na kutunza programu ya mauzo inayotumika kwenye maghala ya dagaa na samaki pale soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Kompyuta zenyewe ni za mezani, za mtumba: prosesa ya viini viwili, RAM ya GB 4, diski ya kuzunguka. Mashine ya namna hiyo haikufichii kitu. Ukipanga vibaya zamu za thredi zako, yaani zile njia za kazi zinazoendeshwa sambamba ndani ya programu moja, keshia ataliona tatizo kabla ya saa nne asubuhi na simu itakuja: "Kaka, imeganda tena." Ndiyo maana suala la vipaumbele nimelichimba hadi chini, na hapa ninaeleza jinsi ninavyolifanya kazini, kwa yeyote anayeandika programu za Windows au Linux.

Programu ina thredi nne za kuangalia. Moja inachora skrini na kupokea kibodi na kipanya. Nyingine inasoma mizani ya kielektroniki kupitia waya wa siriali. Ya tatu inatengeneza ripoti: mauzo ya mwezi, madeni, magunia yaliyotoka na yaliyobaki. Ya nne inanakili hifadhidata, inaibana, kisha inaituma nje pindi intaneti inapopatikana.

Ukimuuliza mwenye ghala ipi ni muhimu kuliko zote, atakujibu hiyo ya nne, na ana haki. Diski ikifa au kompyuta ikiibiwa, ile nakala ndiyo itakayosema nani anadaiwa na nani. Lakini kipaumbele cha thredi hakipimwi kwa umuhimu wa kazi. Kinapimwa kwa maswali mawili. Kazi hii ikicheleweshwa, ni baada ya muda gani mtu ataumia? Na ikipewa prosesa, itaishika kwa muda gani kabla ya kuiachia? Kazi isiyoweza kusubiri na inayomaliza upesi ndiyo ipande. Kazi ndefu isiyo na haraka ishuke, hata kama ndiyo roho ya biashara. Mwenye ndoo moja ya dagaa akipimiwa mbele ya mwenye shehena ya lori, mwenye lori hapotezi chochote cha maana. Ukigeuza, mwenye ndoo asubuhi yake imekwisha.

Kwa hiyo anza na karatasi na kalamu, msimbo uje baadaye. Kila thredi iandikie muda wake wa kuvumilia, kwa milisekunde. Skrini: mtu akibonyeza kitufe na jibu likaja ndani ya milisekunde 100 hivi, kwake limekuja papo hapo. Likichelewa sekunde nzima atabonyeza tena, na hapo ndipo mauzo yanapoingia mara mbili. Ripoti: mwenye ghala anaweza kunywa chai huku ikitengenezwa. Nakala: hata ikichelewa saa moja hakuna atakayejua. Hizo tatu hazihitaji kufikiriwa sana. Inayotaka hesabu ni mizani, na ninaomba uifuate kwa makini, kwa sababu watu wengi huipandisha juu kabisa kwa hofu ya kupoteza data.

Mizani hizi hutuma kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde. Kila herufi ina biti 8 za data, moja ya kuanzia na moja ya kumalizia, jumla 10, yaani waya unaweza kupitisha herufi 960 kwa sekunde. Mizani yenyewe haifiki huko. Inatuma mstari wa herufi 16 hivi, mara 10 kwa sekunde, sawa na herufi 160. Ukisoma kwa SerialPort ya .NET (zana za Microsoft za kuandikia programu), bafa ya kupokea, yaani kumbukumbu ya muda ambamo data husubiri kusomwa, kwa kawaida ina nafasi ya baiti 4096. Gawanya 4096 kwa 160: unapata zaidi ya sekunde 25. Thredi ya kusoma mizani ingeweza kulala sekunde 20 na hakuna herufi hata moja ingepotea. Hofu ya kupoteza data haina msingi hapa.

Hatari iko kwingine. Mteja amesimama kati ya mizani na meza ya keshia, na anaona namba mbili kwa pamoja: ile nyekundu ya mizani na ile ya skrini. Gunia limetua, mizani inasema 48.6, skrini bado inasema 31.2. Mteja hatasubiri maelezo yako kuhusu thredi. Atamgeukia mwenye ghala: "Mama, mbona huku inasoma vingine?" Kwenye biashara ya kupima kwa kilo, swali hilo likiulizwa mbele ya watu ni hasara, hata kama namba zitalingana baada ya sekunde mbili. Kwa hiyo muda wa kuvumilia wa mizani ninauandika milisekunde 150, na sababu ni imani ya mteja.

Hesabu hiyohiyo inakuonyesha dawa isiyohusu kipaumbele kabisa. Thredi ikichelewa kisha ikaanza kusoma mstari mmoja mmoja kutoka mwanzo wa bafa, itaonyesha uzito wa zamani ukipanda polepole kama mkanda wa video. Ikiamka inatakiwa isome yote yaliyomo, itupe mistari ya nyuma, ionyeshe wa mwisho tu. Fanya hivyo kwanza. Thredi nyingi zinazoombewa kipaumbele cha juu zina ugonjwa wa aina hii, na namba kubwa huuficha tu mpaka siku mashine ikielemewa.

Sasa tuingie Windows. Kuna ngazi 32, kuanzia 0 hadi 31. Ngazi 0 ni ya mfumo wenyewe, kwa thredi inayosafisha kurasa za kumbukumbu. Ngazi 1 hadi 15 ndiko programu za kawaida zinakoishi. Kuanzia 16 hadi 31 ni eneo la wakati halisi (Realtime). Namba ya thredi hutokana na vitu viwili vikijumlishwa: daraja la mchakato mzima (programu inayoendeshwa, pamoja na thredi zake zote) na hatua ya thredi ndani yake. Daraja la kawaida lina msingi wa 8. La chini ya kawaida 6, la juu ya kawaida 10, la juu 13, la mapumziko 4. Hatua za thredi ni kutoka pungufu ya 2 hadi nyongeza ya 2, pamoja na mbili za pembeni: IDLE inayoipeleka hadi 1, na TIME_CRITICAL inayoipandisha hadi 15. Kwa hiyo thredi ya BELOW_NORMAL (pungufu ya 1) ndani ya mchakato wa kawaida iko ngazi ya 7. Sehemu ya Details ya Task Manager itakuruhusu kubadilisha daraja la mchakato mzima, na likibadilishwa hapo hupotea programu ikifungwa. Thredi moja moja unaigusa ndani ya msimbo, kwa SetThreadPriority, au kwa Thread.Priority kama unatumia .NET.

Shika jambo hili: Windows haigawi prosesa kwa uwiano wa namba. Thredi iliyo tayari kwenye ngazi ya juu inakwenda, ya chini inasubiri. Tofauti kati ya 7 na 8 inatosha kabisa. Huhitaji 7 na 15. Zilizo ngazi moja hupokezana kwa zamu, na kwenye Windows ya mezani zamu ya kawaida ni kama milisekunde 31, ikirefushwa hadi mara tatu kwa programu ambayo dirisha lake liko mbele. Ukiweka ripoti mbili za kukokotoa ngazi ya 8 kwenye viini viwili, thredi nyingine ya 8 inaweza kungoja zamu nzima kabla ya kupita.

Lakini mfumo nao hauko kimya. Thredi ikiamka baada ya kungoja kifaa, Windows huipandisha kwa muda: ngazi 1 kwa diski, 2 kwa siriali na mtandao, 6 kwa kibodi na kipanya, 8 kwa sauti. Kisha nyongeza hiyo hupungua ngazi moja kila zamu inapoisha. Maana yake thredi yangu ya mizani, nikiiacha 8 kama ilivyozaliwa, inaamka ikiwa 10 kila mstari unapofika. Skrini nayo inainuliwa kila keshia anapogusa kibodi. Mfumo tayari unawapendelea wanaongoja kuliko wanaokokotoa. Kazi yako ni kutouingilia, na kuusaidia kwa kuwashusha wakokotoaji.

Ndiyo maana hatua yangu ya kwanza ni kushusha, na mara nyingi ndiyo ya mwisho. Ripoti inakwenda BELOW_NORMAL. Skrini na mizani naziacha. Ukishusha thredi nzito, thredi zote nyepesi zinanufaika, pamoja na zile za programu nyingine ambazo keshia anazihitaji. Ukipandisha moja, umeipandisha dhidi ya kompyuta nzima, na mwandishi wa programu ya jirani naye akifikiri hivyohivyo mnarudi mlikoanzia.

Usiguse daraja la wakati halisi kwa programu ya ofisini. Thredi ya ngazi 16 na kuendelea haipati nyongeza wala haipungui. Ikiingia kwenye kitanzi kisichoisha (amri zinazojirudia bila kikomo), inaweza kuzizuia hata thredi za mfumo zinazoshughulikia kipanya na kuandika diski. Zilizo chini ya 16 zina mwokozi: kila sekunde mfumo unatafuta thredi zilizokaa tayari bila kupata prosesa kwa takriban sekunde 4, na unazipandisha hadi 15 kwa muda mfupi. Mwokozi huyo hana nguvu juu ya aliyekaa 24. Halafu fahamu kwamba mtumiaji asiye na haki za msimamizi akichagua Realtime kwenye Task Manager, Windows humpa High bila kusema neno. Fundi anaweza kuondoka dukani akiamini ameweka kitu ambacho hakipo.

Kuna kazi zinazostahili kupanda kweli, na mfano wangu ni sauti. Studio inayorekodi kwa bafa ya sampuli 256 kwenye kasi ya 48,000 ina milisekunde 5.3 za kujaza bafa inayofuata. Ikikosa, msikilizaji anasikia mkwaruzo, na hakuna namna ya kumrudishia. Muda mfupi, kazi fupi, kosa lisilofutika: hapo panda. Hata hivyo kwenye Windows usijipandishe mwenyewe. Jiandikishe kwa huduma ya medianuwai iliyopo tangu Windows Vista, kwa AvSetMmThreadCharacteristics. Huduma hiyo inakupandisha na wakati huohuo inabakiza sehemu ya prosesa kwa wengine, kwa kawaida asilimia 20.

Thredi ya nakala nayo ina habari yake. Ukiishusha hadi ngazi ya 1 bado kompyuta ya diski ya kuzunguka itaganda, kwa sababu inayogombaniwa hapo si prosesa. Ni kichwa cha diski. Thredi ya nakala inasoma kipande, inalala ikingoja diski, inasoma kingine. Prosesa yenyewe haitumii karibu kabisa, lakini foleni ya diski imeijaza, na risiti ya keshia imekwama nyuma yake. Windows ina njia ya hilo. Ndani ya thredi yenyewe, mwanzoni mwa kazi, andika:

SetThreadPriority(GetCurrentThread(), THREAD_MODE_BACKGROUND_BEGIN);

na mwishoni THREAD_MODE_BACKGROUND_END. Hapo inashuka kwenye prosesa, kwenye diski na kwenye kumbukumbu kwa pamoja. Lazima iitwe na thredi inayojihusu. Huwezi kumshusha mwenzako kwa njia hii. Kati ya yote niliyoyataja, mstari huu mmoja ndio uliobadilisha zaidi hali ya kompyuta za Mwaloni.

Lakini unakuja na mtego: makufuli, yaani alama zinazoruhusu thredi moja tu kwa wakati kugusa data ya pamoja. Thredi ya chini ikishika kufuli ambalo thredi ya juu inalihitaji, ya juu inashuka hadi mwendo wa chini. Na kukiwa na thredi ya kati inayokokotoa, ya chini haipati nafasi ya kumaliza na kuachia, kwa hiyo ya juu imezuiwa na ya kati ambayo haina uhusiano nayo kabisa. Chombo cha Mars Pathfinder kilichotua Mars Julai 1997 kilijiwasha upya mara kwa mara kwa sababu hii hasa. Kazi ya chini ya kukusanya data za hali ya hewa ilishika kufuli, kazi ya juu ya kusimamia njia ya mawasiliano ndani ya chombo ikalingoja, kazi za kati zikapita katikati, na kipima muda cha usalama kikaona kazi ya juu haijamaliza kwa wakati. Wahandisi walikitibu kutoka duniani kwa kuwasha urithi wa kipaumbele: anayeshika kufuli hupanda hadi ngazi ya anayelingoja.

Kwenye programu ya dukani, usitegemee urithi. Kanuni yangu ni kwamba thredi iliyoshushwa haishiki kufuli la pamoja kwa muda unaozidi uvumilivu wa thredi ya juu kabisa inayolitumia. Natumia SQLite, hifadhidata ndogo inayokaa ndani ya faili moja, na kunakili kwake kunaweza kufanywa kwa vipande kupitia sqlite3_backup_step: nakili kurasa chache (vipande vya faili hilo), achia, lala robo sekunde, rudia. Hapa kuna jambo la kujihadhari. Mauzo yakiandikwa kupitia muunganisho mwingine katikati ya kunakili, kazi yote huanza upya, na siku yenye wateja wengi haitamalizika. Ukiandika na kunakili kupitia muunganisho uleule, nakala husasishwa palepale. Ila sasa thredi mbili zinatumia muunganisho mmoja, kwa hiyo kurasa chache ziwe chache kweli. Na hatua ya kunakili naifanya nikiwa nje ya hali ya THREAD_MODE_BACKGROUND. Hali hiyo naiwasha ninapobana na kutuma, ambako sishiki kufuli lolote.

Kwa Linux, fikra ni ileile ila namba zinafanya kazi kwa namna nyingine. Thredi za kawaida zina thamani ya nice, kutoka -20 hadi 19, kubwa ikimaanisha mpole zaidi, na hapa kweli ni uwiano. Nice 0 ina uzito wa 1024, nice 5 ina 335, nice 10 ina 110, nice 19 ina 15. Thredi mbili zikigombania kiini kimoja, ya 0 dhidi ya ya 10 hupata takriban asilimia 90, dhidi ya 19 takriban 99. Hakuna anayekufa njaa. Kwa ripoti nice 10 inatosha. Kumbuka kwamba kwenye Linux nice ni ya kila thredi, ingawa vitabu vingi vinaizungumzia kama ya mchakato. Toa namba ya thredi (tid) kwa

ps -eLo pid,tid,cls,rtprio,ni,comm

kisha renice kwa tid hiyo. Mtumiaji wa kawaida anaweza kujishusha bila ruhusa, lakini kupanda kunahitaji haki. Kama nice haionyeshi tofauti yoyote kati ya programu mbili zilizofunguliwa kwenye vikao tofauti, angalia autogroup, mpangilio wa Linux wa kukusanya programu kwa vikao: ikiwa imewashwa, prosesa hugawanywa kwanza kati ya vikao, na nice inahesabika ndani ya kikao kimoja tu. Thredi ya nakala ipe daraja la SCHED_IDLE kwa chrt -i -p 0, na diski kwa ionice -c 3, ukijua kwamba hii ya pili inategemea kipangaji cha diski kilichochaguliwa; kile kiitwacho BFQ kinaiheshimu.

SCHED_FIFO na SCHED_RR, ngazi 1 hadi 99, ndilo eneo la wakati halisi la Linux, na aliyeko huko humtangulia kila wa kawaida. Kwa kawaida kerneli, yaani kiini cha mfumo wenyewe, huwabakizia wengine asilimia 5 ya kila sekunde, ili upate nafasi ya kufungua dirisha la kuandikia amri na kuua kilichokosea. Usiizime kinga hiyo. Ukiandikia Mac, usihangaike na namba: tangu 2014 unataja aina ya kazi tu, kama ni ya mtumiaji anayengoja au ya nyuma, na mfumo unapanga mwenyewe.

Ukimaliza kupanga, pima, tena pima mashine ikiwa imeelemewa. Kompyuta iliyotulia haikuambii lolote kuhusu vipaumbele, kwa sababu kila thredi inapata prosesa mara tu inapoitaka. Andika programu ndogo yenye kitanzi tupu kwa kila kiini, ngazi ya kawaida, iache izunguke. Anzisha ripoti ya mwaka mzima. Anzisha nakala. Washa antivirusi ikague diski. Sasa weka gunia kwenye mizani. Ndani ya msimbo piga muhuri wa saa mstari wa uzito unapofika na namba inapochorwa, kwa QueryPerformanceCounter, na uandike tofauti kubwa kuliko zote. Wastani uache. Mteja aliyeona namba mbili hakumbuki kwamba vipimo vingine vilikwenda sawa. Tofauti kubwa ikiwa chini ya ule muda ulioandika kwenye karatasi, acha hapo, usiguse kingine, na muda huo uandike kwenye msimbo kando ya mstari unaoweka kipaumbele, ili atakayekuja baada yako ajue namba ilitokana na nini.

Ikizidi, kabla ya kupandisha chochote fungua Resource Monitor, sehemu ya Disk, utazame urefu wa foleni. Kwenye Linux tumia iostat -x. Foleni ikiwa imejaa, rudi kwenye thredi inayoandika sana na uibadilishe jinsi inavyoandika. Foleni ikiwa tupu, tafuta kufuli, kwa sababu mara nyingi kuna thredi iliyoshushwa imelishika. Vyote viwili vikiwa safi, na prosesa ndiyo kweli inayogombaniwa, hapo ipandishe thredi ya mizani ngazi moja tu, ABOVE_NORMAL, kisha urudishe gunia kwenye mizani upime tena.